Nani Avune Shamba la Damari?

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, asije akanyanyuka katikati akaniharibia. Leo simleti sungura wala fisi. Nawaletea watu, tena watu wazuri, wachapakazi, wasioiba wala kuombaomba. Mwisho wa habari nitawatwisha nyinyi mzigo wao, maana mimi umenishinda. Nimeutua kwenye baraza nyingi, na kila baraza imevunjika kwa ugomvi.

Kijijini Ihumbule, katika ile nchi kavu ya uwele na mbuzi, palikuwa na kaya ya mjane aitwaye Damari. Kaya hiyo haikununua kitu. Sisemi haikununua vingi, nasema haikununua kitu. Chumvi walichota udongo mbugani wakauchuja na kuuchemsha. Sabuni walipika wenyewe kwa majivu na mafuta ya nyonyo. Gauni la mama likichakaa lilikuwa sketi ya binti, kisha nepi ya mjukuu, kisha kitambaa cha kuepulia sufuria, na hapo ndipo lilipopewa ruhusa ya kufa. Majirani walisema kwa Damari hata nzi hutoka na njaa. Damari aliwajibu akicheka, "Nisemeni tu, lakini mwezi wa pili mkija na bakuli, mje na adabu." Na kweli, mwezi wa pili walikuja.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja, na aliisema kila siku mbele ya mafiga: "Hakuna chakula kibaya, kuna mpishi mvivu."

Mikono ya kaya hiyo ilikuwa ya watu watatu.

Asheri, mwanawe wa kwanza, alijaliwa kuzijua siku. Wengine wakitazama juu waliona mawingu, yeye aliona kesho. Akisema pandeni, kijiji kizima kilipanda, pamoja na wale waliomnunia. Alikuwa na mke, watoto sita, na shamba la mchanga uliochoka.

Sechelela, binti, alijaliwa mikono. Udongo, majivu na kinyesi cha ng'ombe vilimtii. Kihenge cha nafaka alichokikandika yeye hakikupitisha panya, dumuzi mtoboa mahindi wala upepo. Aliwahi kuolewa akarudi, na alijua kwamba siku mama yake akifumba macho, yeye atakuwa mgeni kwenye kaya ya kaka.

Perusi hakuzaliwa pale. Aliolewa na Yona, mtoto wa pili wa Damari, na Yona alikufa kwa kufukiwa na kisima alichokuwa akikichimba. Huyu alijaliwa kuokoa. Maziwa yaliyokatika, nyama iliyoanza kunuka, mboga iliyosinyaa, kila kilichomshinda mwingine kilirudi kuwa chakula mikononi mwa Perusi. Damari alimpenda kwa hilo kuliko alivyowapenda wanawe wa kuzaa, na hakuficha.

Mniwie radhi, lakini mimi namtazama huyu Perusi zaidi ya wenzake. Alikuwa na mtoto mmoja, Nyemo, msichana wa miaka minane. Kwa desturi ya ukoo ule, mjane asiye na mtoto wa kiume hana jembe. Anakula akipewa. Tangu Yona azikwe, wazee wa ukoo walishauliza mara mbili lini atarudi kwao, na mara zote mbili Damari aliwajibu, "Atakwenda nikienda mimi." Na kwao ni wapi? Kaka yake alikwishampelekea salamu kwamba kile chumba alicholala usichanani sasa wanalala mbuzi. Kila alfajiri Perusi alipowasha moto alimwomba Mungu ampe mkwe wake siku nyingi. Alimpenda, naam, lakini alimwombea hata zaidi kwa sababu aliogopa.

Sasa, mwaka mmoja ukame uliwapiga mpaka wakalazimika kwenda dukani. Asheri alipita na mfuko wa unga begani katikati ya kijiji, na wanawake wa kisimani wakampigia vigelegele vya kejeli mpaka akaingia nyumbani. Damari hakula unga ule siku mbili. Siku ya tatu aliula, akauita unga wa aibu, kisha akawaita wanawe watatu pamoja na Mazoya, mdogo wa marehemu mumewe, awe shahidi.

"Mnalijua shamba langu la Bondeni," alisema. "Nililifyeka mwenyewe na mimba ya Asheri tumboni, baba yenu akinicheka kwamba mahali pa vyura hapalimwi. Si la ukoo lile, ni langu. Nasema mbele ya Mazoya: atakayetufikisha mavuno mapya tusikanyage dukani, Bondeni pake. Awe nani awe nani."

Wote walijua aliposema awe nani awe nani alikuwa akimtazama Perusi. Mazoya naye alijua. Alikohoa, akasema amesikia.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nzuri, mahindi yakazaa, watu wakaanza kuahidiana harusi. Kisha mvua zikakataa kuondoka. Mwezi wa tano, wakati mahindi yanatakiwa kukaukia shambani, mawingu yalikuwa bado yamekaa. Asheri alitoka asubuhi, akasimama uani kwa muda mrefu bila kunawa uso, akasema, "Tunavuna leo." Mkewe akamwambia mahindi bado mabichi kidogo. "Tunavuna leo," akarudia. Walivuna siku nne mfululizo, watoto na wakubwa, wakila wakiwa wamesimama. Siku ya tano mvua ya mawe ikashuka, ikafuatwa na maji ya mto. Majirani waliosubiri mahindi yakauke waliokota mabua. Kwa Damari kila gunzi lilikuwa limekwisha kuingia ndani, na watu walisema Asheri ana jicho la tatu.

Baada ya kupukuchua, kazi ilikuwa ya Sechelela. Mwaka ule dumuzi walikuja wengi kuliko kumbikumbi. Sechelela alikandika kihenge kikubwa ndani na nje, akakisuguia majivu, akajaza mahindi, akaziba mdomo kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe mpaka usingeweza kupitisha ulimi wa sisimizi. Siku tatu alikizunguka akitafuta ufa, akikuta ufa anauziba kwa kidole chenye udongo. Desturi ya Damari ilikuwa kihenge kikubwa hakifunguliwi mpaka kupanda kumalizike. Mpaka hapo waliishi kwa uwele na kunde. Kufikia Desemba vihenge vya jirani vilikuwa vimejaa vumbi, unatia mkono unatoa unga wa dumuzi. Cha Sechelela kilisimama pale kimya, kizima kama siku kilipofungwa.

Mwezi wa kwanza, kupanda kulipokwisha, uwele nao ulikuwa umekwisha. Damari akaamuru kifunguliwe. Sechelela akapasua mdomo, na harufu iliyotoka iliwarudisha wote nyuma hatua mbili. Mahindi yalikuwa yameshikana mabonge. Yalikuwa na rangi ya kijani, na katikati ya kijani palikuwa na weusi.

Sechelela alikaa chini akalia. Asheri aliangalia barabara ya dukani. Damari hakuangalia kokote ila kwa mkwe wake. "Perusi mwanangu," alisema, "kazi yako hiyo."

Perusi akafanya kazi yake, na sijui kama kuna mwanamke mwingine nchi ile ambaye angeifanya. Aliyavunja mabonge kwa mikono. Aliyaosha kwa maji saba, maji ya kubeba kichwani kutoka kisimani, mpaka maji ya saba yakatoka meupe. Akayasugua na majivu, akayaosha tena, akayaanika juu ya mwamba, akayageuza kila jua lilipopanda kidogo. Akayakoboa, akayapepeta, akayapika kande na kunde nyingi na karanga za kuponda kufukuza ile ladha. Alirudia kazi hiyo kila wiki kwa miezi mitatu. Viganja vyake vilichubuka mpaka akawa anashika mchi kwa vitambaa.

Damari alionja kijiko cha kwanza mbele ya wote. "Yana uchungu kidogo," alisema, "kama wali wa msibani." Akacheka, wakacheka, wakala.

Zile chenga nyeusi zilizobaki kwenye ungo baada ya kupepeta, Perusi alitaka kuwapa kuku. Damari alimkamata mkono. "Kuku ana macho ya kutafuta. Mimi meno sina, chenga ndizo zinanifaa. Nipikie uji." Akampikia. Kila siku kikongwe yule alikunywa uji wa chenga, akaacha mahindi mazima kwa wajukuu.

Na kuna jambo lingine ambalo Perusi alilifanya, na sitalificha kwa kuwa nampenda. Kabla ya kuyatwanga yale mahindi, aliketi nyuma ya jiko akachambua punje zile nyeupe kabisa, moja moja, akazitia kwenye kibuyu kidogo. Hizo alimpikia Nyemo peke yake, kwenye kijungu cha pembeni. Alijiambia mtoto ana tumbo dogo. Alijiambia hivyo kila siku, na kila siku aliangalia nyuma kwanza kama kuna mtu.

Hivyo ndivyo walivyofika mwezi wa nne. Siku mahindi mabichi ya kwanza yalipochomwa, ua mzima ulinukia, na Damari akapiga kigelegele mwenyewe, kirefu, kiwafikie wale wa kisimani. Hawakukanyaga dukani. Akawaita wanawe watatu, akamtuma mtu kumwita Mazoya, akaketi kwenye kigoda.

"Haya, jisifuni," alisema. "Leo ruksa."

Asheri hakusubiri. "Mama, ningengoja siku moja tu, tungeokota mabua kama wenzetu. Hawa wangeziba nini? Wangeosha nini?"

"Wenzetu wengine nao walivuna mapema, kaka," Sechelela alisema. "Wako wapi? Dumuzi wamewalia mpaka kihenge chenyewe. Uliniletea mahindi, mimi nikayafikisha mwezi wa kwanza."

"Mliyafikisha mkayalilia," Perusi alisema. Alishangaa kusikia sauti yake ikiwa kali. "Wewe wifi ulikaa chini ukalia, na wewe shemeji ukatazama dukani. Mliyaita uozo. Mimi ndiye niliyeyaita chakula."

Damari alikuwa akifurahia kama mtu anayetazama ngoma. Alimtazama kila mmoja, akatabasamu na fizi zake. "Nitasema Jumapili," alisema, "tukitoka kanisani. Acheni nami nijue utamu wa kubembelezwa."

Perusi hakulala vizuri wiki ile kwa furaha. Alijua jina litakalotajwa. Alishapanga mahali atakapopanda maboga, na upande gani Nyemo atajenga akikua, maana shamba lililotolewa kwa jina lako mbele ya shahidi, hata ukoo haukunyang'anyi.

Ijumaa Damari alikataa chakula, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Jumamosi alitapika. Jumapili asubuhi Perusi alimwinua amvishe gauni la kanisani, akaona macho yake yamekuwa ya njano na tumbo limejaa. Hawakwenda kanisani. Walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, Asheri naye akishika tumbo njia nzima, Sechelela akishuka mara kwa mara kutapika kando ya njia.

Kwenye kituo cha afya walimkuta daktari kijana, mpole, mwenye kuuliza taratibu. Aliuliza wanakula nini.

"Mahindi yetu wenyewe," Perusi alijibu kwa fahari. Ilikuwa mazoea.

"Yana ukungu?"

"Yalikuwa nao. Niliuosha."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, hiyo ni sumukuvu. Ukungu unaisha ukiosha, sumu haiishi. Inakaa ndani ya punje. Maji hayaitoi, na moto hauiui. Mahindi ya namna hiyo yanafukiwa."

"Yanafukiwa?" Perusi aliuliza. Hakuwahi kusikia neno hilo likisemwa juu ya chakula.

"Yanafukiwa. Shida huanza tangu yanapowekwa ndani yana unyevu. Yakifungiwa mahali pasipopita hewa, ukungu unanawiri. Na mzee huyu amekula sehemu gani?"

Perusi alimweleza habari ya chenga. Daktari hakusema neno la kumlaumu, na Perusi angependa zaidi kama angesema.

Siku ya mwisho Asheri aliinama sikioni mwa mama yake. Aliuliza kwa sababu ilibidi mtu aulize. "Mama, Bondeni umempa nani?" Damari alifumbua macho yale ya njano. Watoto wake wote watatu walimwinamia. Alisema, "Yaliyobaki msiyatupe." Alikufa jioni ile.

Walimzika. Yaliyobaki waliyafukia, shimo la pili, mbali na la kwanza, na Sechelela ndiye aliyelichimba, asikubali kusaidiwa.

Matanga yalipomalizika ukoo ulikaa. Mahindi ya Bondeni yalikuwa yamekauka yanangoja mvunaji, na ng'ombe wa watu walishaanza kuyaonja. Mazoya aliketi kwenye kigoda cha Damari, akaliweka jembe la marehemu chini katikati ya watu.

"Ahadi ni deni," alisema. "Shemeji yangu aliahidi mbele yangu. Kaya hii ilifika mavuno mapya bila kwenda dukani, kila mtu shahidi. Nataka kulitoa shamba kwa aliyewafikisha. Asheri, wewe ulisema bila wewe kungekuwa hakuna mahindi. Chukua jembe."

Asheri alirudi nyuma kana kwamba ametupiwa nyoka. "Baba mdogo, mimi nilivuna tu. Kuvuna hakuui mtu. Aliyeyafungia yakakosa hewa ni Sechelela. Si mlisikia maneno ya daktari?"

"Mimi nilifungia nilicholetewa," Sechelela alisema. "Ungeniletea makavu ningefungia makavu. Na mahindi yaliyo kwenye kihenge hayamuui mtu. Yanaua yakipikwa. Nani alipika?"

Watu wote wakamgeukia Perusi. "Niliambiwa ile ni kazi yangu," alisema. "Nilipika nilichopewa, na mama mwenyewe ndiye aliyesema."

Mnaona? Mwezi mmoja nyuma kila mmoja alisema ni mimi. Sasa kila mmoja anasema ni yule. Kitendo ni kilekile, wala hakijaongezwa hata chumvi. Bibi mmoja mzee nyuma alinong'ona kwamba mwenye kosa ni Damari na sheria zake, wakamnyamazisha, marehemu hasemwi.

Perusi alilisikia lile neno, nalo likamwingia. Kwa mara ya kwanza alimchukia mkwe wake. Alimchukia kwa uji ule, kwa kumkamata mkono pale kuku walipokuwa wanangoja, kwa kusema Jumapili badala ya kusema siku ileile. Kisha akamkumbuka alivyokuwa akiwajibu wazee, atakwenda nikienda mimi, akaona haya mpaka masikio yakamchoma.

Mazoya alipangusa magoti. "Vema," alisema. "Nami siwalazimishi. Akisimama mtu akasema mbele ya kadamnasi hii, 'Ni mimi niliyewafikisha, kwa mazuri yake na kwa mabaya yake,' jembe hili ni lake leo, na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini mjue atakalokuwa amelisema. Asiposimama mtu, Bondeni panarudi kwa ukoo. Na mjane wa Yona," akaongeza bila kumtazama, "kaka yake nimeshampelekea habari aje amchukue."

Kila mtu pale alijua kwamba ukoo maana yake ni ng'ombe wa Mazoya.

Perusi alimtazama Nyemo, aliyekuwa ameketi na watoto wa Asheri. Wale sita walikuwa bado wamekonda, macho yamewatumbukia. Nyemo alikuwa na mashavu. Perusi akafikiri, nikinyamaza, mwanangu atalala na mbuzi. Nikisema, ataitwa mtoto wa mwanamke aliyemuua bibi yake, na atavuna Bondeni akiitwa hivyo. Kisha akasimama.

Alipoinua kichwa aliona hayuko peke yake. Asheri alikuwa amesimama. Sechelela alikuwa amesimama.

"Ni mimi," Asheri alisema. "Siku tuliyopukuchua niliiuma punje moja kwa meno. Punje kavu ikiumwa inalia. Ile haikulia, ilibonyea. Nikaitema, nikaikanyaga. Niliogopa kuambiwa nimekosea siku, mimi Asheri. Nisingenyamaza, tungeyaanika. Mahindi yaliingia ndani kwa sababu yangu, na mama ameingia kaburini kwa sababu yangu. Nipe jembe."

"Ni mimi," Sechelela alisema. "Kabla sijaziba mdomo nilitia mkono ndani, mpaka kwenye kiwiko. Kulikuwa na joto. Nafanya vihenge tangu utoto, joto lile nalijua maana yake. Lakini dumuzi walikuwa wamekwisha fika kwa jirani, na nilitaka watu waone kihenge changu kimoja tu kimesimama. Nikaziba. Lile joto ndilo lililomuua. Jembe ni langu."

Perusi aliwasikiliza, na hasira ikampanda, kwa sababu aliona wanamshinda. Nawaambia ukweli, alitamani kosa lake liwe kubwa kuliko yao. Na tayari lilikuwa hivyo.

"Nyinyi mlihisi," alisema. "Mimi nilijua. Punje nyeupe nilimchambulia mtoto wangu kila siku, miezi mitatu, nikijificha. Mtazameni Nyemo, kisha mtazameni watoto wa shemeji. Kama sikujua, nilikuwa nachambua nini? Zile nyeusi nilimpikia mama uji kwa mkono huu. Lakini na hilo mlijue pia, bila mkono huu mngekwenda dukani, au mngezikwa wote mwezi wa pili kwa njaa. Ni mimi niliyewafikisha. Ni mimi niliyemuua. Shamba ni langu."

Mke wa Asheri alitoa sauti, akawavuta watoto wake sita kwake. Nyemo alibaki peke yake pale alipokaa.

Watoto watatu wa Damari, maana naye Perusi nitamwita mtoto, walisimama wakilizunguka jembe moja, wakigombania kifo cha mama yao. Wanaume wa ukoo wakasema ni la Asheri, kwani lawama na sifa huanzia kwenye mzizi. Wanawake wafinyanzi wakasema ni la Sechelela, kwani yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya mwisho kabla mambo hayajaharibika. Wanawake wa kisimani, wale wa vigelegele, wakasema ni la Perusi, kwani yeye peke yake alitaja yote mawili, uhai na kifo. Mazoya aliyedhani hatasimama mtu alibaki mdomo wazi, na mimi nilipoondoka pale alikuwa hajaufunga.

Basi mzigo ndio huo, nimeutua. Mahindi ya Bondeni yanaliwa na ng'ombe wakati sisi tunaongea. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe uliyejificha nyuma ukidhani sikuoni, mmoja wa hawa watatu lazima akabidhiwe jembe, na hakuna jembe la pili. Mtampa yupi? Na huyo mtakayempa, siku akivuna, akatwanga, akapika, akawakaribisha nyumbani kwake, mtanawa mikono na kula?